Barua Niliyokuambia Imepotea

Na kuhusu ile barua uliyoniomba jana, mwanangu, haikupotea.

Nilikuwa nimekupa mgongo nakaanga vitunguu, ndiyo maana hukuniona uso. Ulisema bosi wako mpya amewataka wote mnaoanza kazi Jumatatu mje na mfano wa barua moja nzuri, barua iliyowahi kumfanya mwandishi wa habari aandike. Ukasema wewe huna haja ya kwenda mbali, maana mama yako mzazi aliwahi kuiandika. "Ile ya tatu, Mama. Ile iliyomfanya akubali." Nikakuambia ilipotea na simu yangu ya zamani. Ukanijibu kwa Kiingereza chako kwamba haidhuru, utawasimulia kwa mdomo, na utawaambia kazi hii umefundishwa nyumbani. Kisha ukanibusu shingoni ukaenda kufunga viatu vyako. Vitunguu vikaungua. Ulicheka kule chumbani ukasema nimeolewa nimesahau kupika.

Nimeolewa kweli, na mengi nimesahau. Lakini vitunguu havikuungua kwa sababu hiyo.

Sasa ni alasiri. Wewe na Idi mmekwenda Rooty Hill kuchukua godoro kwa Kocha Furaha, na najua hamtarudi upesi, kwa sababu yule mama hajapata kumruhusu mtu atoke kwake bila kula. Nimekaa mezani, masanduku yako mawili yako mlangoni, na nyumba yetu ya Quakers Hill, hapa Sydney, imekuwa kubwa ghafla. Kesho unahamia Kensington. Sitakuandikia habari za kupika wala za kufunga milango, hayo unayajua kuliko mimi. Nataka kukuandikia makosa yangu. Nitaanza na yale ya kuchekesha, nipate nguvu ya kufika kwenye lile lisilochekesha.

Lazima nianze na Idi, na tafadhali usigeuze macho. Nakujua. Wiki sita za ndoa, na kila nikisema "Idi" wewe na rafiki zako mnahesabu kwa vidole. Hesabuni tu. Mwanamke aliyekaa mjane tangu mtoto wake ana miaka mitatu ana akiba kubwa ya maneno.

Unakumbuka mwaka jana tulipofungiwa majumbani kwa ajili ya korona. Wiki ya pili Bibi alifariki Tanga. Mipaka imefungwa, ndege hakuna, na sisi hatuwezi hata kuvuka kilomita tano. Binamu yako alisimama barazani kashika simu, tukaliona jeneza la mama yangu likitoka mlangoni, kisha picha ikaganda kwenye ukuta. Mimi nilimlilia mama. Wewe ulimlilia aliyekulea, kwa sababu nilipotangulia kuja huku nilikuacha mikononi mwake mpaka ulipofika miaka tisa. Nilidhani naelewa tofauti hiyo. Sikuielewa.

Halafu simu yako ikafa, na ndani yake mlikuwa na sauti zote alizokutumia Bibi. Nikaipeleka kwa fundi, kale kaduka karibu na stesheni ya Blacktown. Mlango umeteremshwa nusu, na chini yake naona miguu ya mtu na ndara. Nikainama nikasema, "Samahani, kaka, una ruhusa ya kufungua?" Sauti ikajibu kwa Kiswahili cha Mombasa, "Ruhusa sina, lakini masikio ninayo. Yauma wapi?"

Yauma wapi! Simu, eti. Mimi nilidhani ananiuliza mimi, nikaanza kulia pale pale na barakoa yangu. Alinisubiri. Hakuniambia nyamaza, hakuniambia pole mara kumi. Nilipomaliza akasema, "Niachie siku mbili, bibiye. Sauti haziozi." Siku mbili baadaye akaniletea mpaka kwenye geti, akaiweka juu ya sanduku la barua akarudi nyuma hatua mbili, na sauti zote zilikuwamo. Niliyaona macho tu juu ya barakoa, Salma. Nakuapia sijapata kuona macho yenye adabu kama yale.

Akaniuliza mwenye simu ni nani. Nikamwambia ni binti yangu, mchezaji mpira, winga wa kulia, ila siku hizi hatoki chumbani. Akakuna kidevu. Wiki iliyofuata akaleta kile kizibao. Alikishona mwenyewe kwa nguo ya zamani ya kuogelea baharini, na mgongoni, katikati ya mabega, akatia mfuko wa kubana simu. Simu yenyewe ni mojawapo ya zile ambazo watu walimwachia hawakurudi kuzichukua. "Timu kubwa huvaa vitu hivi," aliniambia, "vyawaonyesha mchezaji kakimbia wapi, kwa kasi gani. Hiki ni ndugu yake maskini. Mwambie akimbie saa yake moja aliyoruhusiwa, na kocha wake ataona kule aliko."

Siku ya kwanza ulikivaa kwa hasira. Siku ya pili ulitoka kabla sijakuita. Kufika mwisho wa mwezi wasichana kumi na wanne wa Kocha Furaha walikuwa wanakimbia, kila mmoja peke yake kwenye bustani ya mtaani kwake, na Kocha yuko kwenye ghala anakofanya kazi, wakati wa chai anatazama mistari yenu kwenye simu anapiga kelele. "We Salma! Leo umetembea, hukukimbia! Naona! Bon, kesho utanilipia!"

Yeye ndiye aliyenipa wazo. Alinipigia akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo, "Mama Salma, hii kitu ya mzee Idi iko muzuri sana. Inapaswa iingie mu gazeti. Wewe unajua kuandika, umefika sekondari."

Ndiyo, nilifika kidato cha nne, na insha zangu zilisomwa mbele ya darasa. Na nilikuwa na sababu nyingine ambayo Kocha hakuijua. Idi alikuwa karibu kurudisha funguo za duka. Akifunga, atahamia kwa kaka yake Perth, upande wa pili wa nchi, na mipaka ya majimbo nayo haifunguki. Nilikuwa nimeshaanza kupaka wanja kwenda kuchukua chaja.

Mwandishi nilishamjua. Pale kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi, wageni walikuwa wamekatazwa kuingia, kwa hiyo kila asubuhi nilimsomea gazeti mzee mmoja asiyeona vizuri. Alikuwa ananiambia, "Nisomee yule wa viatu na simu." Alimaanisha Bwana Rowan, ambaye siku moja huandika juu ya mechi, siku nyingine juu ya saa za mkononi na vipokea sauti vya masikioni. Kwanza nilimsoma kwa wajibu. Kisha nikampenda. Aliweza kukueleza saa ya bei kubwa kwa maneno ambayo mlezi wa wazee anayaelewa, na akikuta kibaya anasema kibaya, bila matusi. Mzee alikuwa akimaliza kusikiliza anasema, "Huyu bado hajanidanganya." Lishike hilo, nitalirudia.

Basi nikamwandikia. Kosa la kwanza unalijua, uliliona mwenyewe. Nilianza na salamu. Nikamuuliza hali yake, nikamuuliza habari za watu wa nyumbani kwake, nikamwombea wote afya katika kipindi hiki kigumu, nikamshukuru kwa makala zake nne nilizozitaja moja moja, nikajieleza natoka wapi na nimefikaje Sydney. Kizibao kilitokea mwishoni kabisa, baada ya "wasalaamu". Uliposoma ulijitupa kwenye kochi.

"Mama! Umemuuliza habari za mke wake?"

"Nimeuliza habari za nyumbani. Ni adabu."

"Unajua kama ana mke?"

"Kama hana, atasema hana. Ndiyo maana mtu anauliza."

Kosa la pili lilikuwa visheti. Mimi siendi kwa mtu mikono mitupu, na kumwomba mtu akuandikie habari ni kumwendea. Nikapika visheti, nikavipaka sukari, nikavitia kwenye boksi na kizibao kimoja cha mfano, nikatuma gazetini. Jibu lake la kwanza lilikuwa hili, nalikumbuka kama dua: amepokea, anashukuru sana, lakini kazi yake haimruhusu kula zawadi ya mtu anayetaka kuandikwa, amewapa walinzi wa mlangoni wasiojua lolote, wamesema ni vitamu. Na je, habari ni ipi?

Niliona aibu mpaka miguuni. Idi alicheka akashika ubavu. "Wewe wamhonga mwandishi kwa kisheti! Mombasa twafungwa kwa zaidi ya hapo!" Lakini nilivyozidi kulifikiria jibu lile ndivyo nilivyozidi kumheshimu. Angeweza kunyamaza. Angeweza kula akanyamaza. Kachukua taabu ya kuniambia mlango uko upande gani.

Ile ya pili tuliiandika pamoja, wewe umekaa sakafuni na kompyuta, mimi nakunja nguo. Ulikuwa mwalimu mkali. Ulifuta aya zangu zote ukabakiza mistari sita: kitu ni nini, kimetengenezwa na nani, nani anakivaa, kwa nini sasa, anaweza kuzungumza na nani, na picha moja. Uliniambia kichwa cha barua kiwe kama kichwa cha gazeti, kwa sababu mtu huyo hupokea barua mia na anafungua tatu. Nilikutazama nikasema moyoni, huyu aliyekuwa hatoki kitandani mwezi uliopita ndiye huyu? Nilijivunia mpaka nikakunja soksi ya Idi na yako. (Ndiyo, alikuwa ameacha soksi. Alinyeshewa akileta vizibao. Usiulize.)

Ile ya pili ilikuwa nzuri, Salma. Ukitaka mfano wa kupeleka kazini, peleka ile. Lakini hakuijibu. Zikapita siku nne, tano, tisa. Siku hizi najua maana yake: mtu ana kazi, habari yako iko kwenye foleni, umkumbushe mara moja kwa heshima na utulie. Wakati ule sikujua kutulia. Idi alikuwa ameanza kupanga vitu vyake kwenye maboksi. Nilimkuta amekunja kitambaa chake cha kufutia vioo, kile cha njano, akakiweka juu ya boksi kwa uangalifu kama mtu anayefunika maiti. Nikarudi nyumbani nikaandika ile ya tatu. Sikukuonyesha, nilikuambia tu kwamba nimemwandikia tena.

Sasa nimefika pale. Ngoja ninywe maji.

Niliandika kuwa binti yangu hakuoga siku sita. Niliandika kuwa alilala na kanga ya marehemu bibi yake usoni, na kila nilipoingia chumbani nilisimama mlangoni nikitazama kwanza kama kanga inapanda na kushuka. Niliandika maneno uliyonitamkia usiku ule, yale ambayo asubuhi yake uliniomba nisimwambie mtu yeyote duniani. Niliandika jina lako. Kisha nikaandika kizibao kimemtoa kitandani, na kama gazeti linataka habari ya kumliza msomaji, hii hapa.

Maneno hayo ya mwisho ni yangu mwenyewe. Nimeyasoma tena leo.

Alijibu baada ya saa moja. Aliniandikia: "Pole sana kwa msiba. Je, Salma anajua kuwa umeniandikia haya?"

Nami nikajibu: "Anajua."

Neno moja tu, mwanangu. Kwa yule ambaye mzee niliyemsomea gazeti alisema bado hajamdanganya. Sikufikiri hata kidogo, lilitoka kama chafya. Nilijiambia mimi ni mama yako, uchungu wako nimeubeba, kwa hiyo ni wangu pia, naweza kuutumia. Nilijiambia nafanya kwa ajili ya Idi, na kwa ajili ya timu, na mwisho wake ni kwa ajili yako. Kwetu mama humsemea mtoto, kwa daktari, kwa mwalimu, kwa wakwe, na hakuna anayemuuliza kama ameruhusiwa. Hayo yote nilijiambia, na bado nikaifuta barua kwenye kompyuta ili usiione. Mtu asiye na kosa hafuti.

Akaomba kuzungumza nawe. Unaikumbuka ile simu vizuri kuliko mimi. Ulikaa kwenye ngazi ya nyuma, sauti umeifungulia, na mimi nilisimama ndani nyuma ya pazia nikiwa nimeshika sufuria tupu. Nilikuwa nasubiri alitaje jambo lile. Akakuuliza unakimbilia bustani gani. Akakuuliza simu haikupigi mgongoni? Akakuuliza ulianzaje kukivaa, nami nikafumba macho. Wewe ukasema, "Nilikuwa nimechoka kukaa ndani." Basi. Akakuachia nafasi ya kuongeza, hukuongeza. Hakukusukuma. Ndipo akauliza lile swali: "Kuna jambo lolote ungependa nisiliandike?"

Ukacheka. "Usiandike kwamba Mama alikuletea visheti."

Naye akacheka, akasema hilo atajitahidi.

Makala ilipotoka hakukuwa na kanga ndani yake. Hakukuwa na kitanda, wala machozi, wala visheti. Kulikuwa na kizibao, na Idi, na wasichana kumi na wanne kila mmoja kwenye bustani yake, na Kocha kwenye ghala anapigia kelele mistari. Bwana Rowan alikivaa mwenyewe akakimbia nacho, akaandika wazi kuwa kinachubua kwapani na kuwa simu hupata joto baada ya nusu saa. Mimi nilikasirika kwa ajili ya Idi. Mwenyewe akavaa kimoja, akazunguka duka mara tatu, akasema, "Kweli. Kwapa lauma." Jioni ile ile akakata kitambaa upya. Ilikuwa habari ya ukweli, na kwa sababu ilisema kibaya watu waliamini kizuri. Simu za zamani zilizoachwa majumbani zikaanza kuletwa, klabu ndogo ndogo zikaanza kuuliza, na maboksi yakafunguliwa. Kitambaa cha njano kikarudi mezani. Nilikitazama nikajua sitaki tena kukaa nchi moja na mwanamume huyu bila kukaa naye nyumba moja.

Wewe hukuijali sana makala. Ulikuja jikoni ukaniambia, "Umesikia alivyoniuliza, Mama? Kitu gani nisichotaka? Hakuna mtu amewahi kuniuliza hivyo." Kisha wiki ile ukaanza kuniambia unataka kufanya kazi ya kuwapelekea waandishi habari za watu, na unataka uifanye kama yule alivyokuuliza. Uliwaambia maneno hayo kwenye usaili wa kazi, na wakakuchukua.

Swali lile lilitoka kwangu, Salma. Alikuuliza kwa sababu alijua nimemletea kitu kisicho changu, akataka kukupa nafasi ya kukirudisha bila kuniaibisha mbele ya mtoto wangu. Nilimwandikia kumshukuru, nikamwomba radhi nusu nusu, kwa kuzunguka. Jibu lake lilikuwa na sentensi mbili. "Nilihisi hajui. Habari ilikuwa kizibao."

Nimeishi na sentensi hizo mbili zaidi ya nilivyoishi na hotuba zote nilizowahi kuhubiriwa. Habari ilikuwa kizibao. Ilikuwepo tangu barua ya pili, nzima, nzuri, kwenye ile mistari sita uliyoipanga wewe. Haikuhitaji kanga ya mama yangu. Ilihitaji siku chache za subira ambazo sikuwa nazo.

Nilimwambia Idi siku aliyoniposa. Unajua aliniposea dukani, katikati ya wateja wawili, amevaa ile miwani yenye taa. Nikasema, kabla sijakujibu kuna jambo ulijue, duka lako limeokolewa hivi na hivi. Akaizima taa. Akauliza, "Umemwambia mwenyewe?"

"Bado."

"Basi waniambia mimi wa nini? Kanga si yangu." Kisha akaona nimetahayari, akaiwasha tena taa, akanimulika usoni kama anayetafuta ufa kwenye kioo. "Nishaona," akasema. "Yatengenezeka. Wanikubali ama hunikubali? Mteja angoja."

Nilimkubali. Nani asingekubali? Na siku ya nikahi, sebuleni petu, shehe na barakoa yake, wewe umeshika kompyuta juu ya kichwa ili watu wa Tanga waone, mtandao ukakatika wakati Idi anasema amekubali, na shangazi akapiga kelele kuwa hawakusikia, ikabidi akubali mara ya pili, ukakatika tena, akakubali mara ya tatu! Vigelegele vilifika tumeshaanza kula. Sijapata kucheka vile tangu nizaliwe. Lakini nilipokutazama, mikono imekuchoka na hutaki kuishusha, nilisema moyoni: mtoto huyu ananibebea furaha yangu juu ya kichwa chake, na mimi bado sijamwambia.

Wiki sita Idi hajalitaja. Leo alipochukua funguo za gari kwenda Rooty Hill nawe alinitazama akasema, "Twaenda polepole." Ndiyo ananipa muda. Ndiye mume niliyempata.

Sitaki usimame Jumatatu mbele ya wenzako ukaisifu barua usiyoijua. Wala sitaki siku moja ukutane na Bwana Rowan, maana kwa kazi hiyo mtakutana, akakutazama kwa huruma wewe usijue sababu. Watakuja kwako wamama kama mimi, Salma. Watakuja na vitu vizuri mkononi na watoto wao mgongoni, na watakupa habari ya mtoto kwa sababu wamechoka kusubiri habari ya kile kitu. Utajua cha kuwauliza. Mimi nilijifunza nimeshachelewa, wewe ulijifunza umekaa kwenye ngazi ya nyuma, na kukuona umejifunza kitu chema hivyo kutokana na kitu kibaya changu kunanifanya nikustaajabie, sina neno jingine. Nakustaajabia.

Barua ya tatu ninayo. Nakala ilibaki kwenye barua pepe yangu, nikaichapa kazini leo asubuhi, na sasa nimelifungua sanduku lako la pili, nimeitia katikati ya kanga ya Bibi, kwa sababu humo ndimo nilimoiiba. Isome peke yako. Ukitaka kuichana, ichane. Ukitaka kuipeleka Jumatatu kama mfano wa barua isiyofaa kuandikwa, ipeleke, nimekuruhusu, na jina langu usilifiche. Lako lifute.

Ukinikasirikia, kasirika. Usinijibu simu wiki nzima ukitaka, nitajua unasoma. Sitakukumbusha zaidi ya mara moja.

Ila kabla ya mwezi huu kwisha mimi na mume wangu tutapanda treni mpaka mjini, halafu tramu mpaka Kensington, na nitapanda ngazi zako na boksi la visheti. Sitagonga kwa nguvu. Kama hujawa tayari kufungua, nitaliweka kizingitini nirudi nyuma hatua mbili, kama nilivyofundishwa na fundi simu mmoja, na nitasubiri hapo. Wewe zawadi hujakatazwa.

Mama yako,
Zuhura